Nimempa mtoto hadithi ya kifaranga badala ya mkanda, mke wangu anasema namharibu. Wakuu mnasemaje?

#1 Fundi Bomba

Wakuu habari za jioni.

Naishi Mbagala, nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano na nusu, mdogo ana miezi miwili. Tangu mdogo aje, mkubwa kabadilika. Kukojoa kitandani aliacha akiwa na miaka mitatu, kaanza tena. Chai hanywi mpaka anyweshwe. Wiki iliyopita mama yake katoka uani kuanua nepi, anarudi anakuta kichanga kinalia kimelowa chapachapa na kaka mtu kasimama na kikombe. Kuulizwa unafanya nini, anajibu "namwogesha."

Nikapigiwa simu niko saiti. Nimefika nyumbani nina mkanda mkononi. Kijana kajificha nyuma ya mlango wa choo, hata sijamwita keshaanza kulia. Nikaishiwa nguvu.

Usiku ule umeme ulikatika, tukakaa barazani mimi na yeye. Nikaanza kumtungia: palikuwa na kuku, ana kifaranga mmoja, analala chini ya bawa lake kila siku. Kuku akataga mayai, akaanza kuatamia. Kifaranga akija chini ya bawa anakuta mayai yamejaa. Akakasirika, akalipiga yai moja teke.

Hapo nikanyamaza, maana mwisho hata mimi sikuujua. Mtoto akaniuliza: "Baba, na yule kifaranga alikuwa analala wapi?"

Wakuu, nilishtuka. Mdogo alipozaliwa tulimtoa mkubwa kitandani kwetu, tukampeleka sebuleni kwa mjomba wake. Hakuna aliyemwambia kitu. Tulibeba tu mto wake.

Tangu siku ile kila usiku anadai kifaranga. Kukojoa kumepungua, hakujaisha. Mama yake anasema ni bahati tu, na kwamba namfundisha kudeka. Swali langu: ni hadithi iliyofanya kazi au ni nini? Na nyie watoto wakiwa na wivu au hasira mnawasimulia nini? Mimi ni mtu wa koki na elbo, nimeshaishiwa.

#2 Kipanga wa Ilala

Siti ya mbele nimewahi. Leteni karanga.

#3 Mzee wa Kahawa

Fundi, mkeo yuko sahihi. Sisi tumelelewa na fimbo ya mpera na hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje. Unakojoa kitandani, asubuhi unatoa godoro nje mtaa mzima ukuone, unaacha. Leo mtoto wa miaka mitano amwagie kichanga maji halafu alipwe kwa hadithi? Kesho atamwaga chai ya moto apate mbili.

#4 bintiPangani

Mzee wa Kahawa, hiyo ya godoro nje naifahamu. Kaka yangu alitolewa godoro mpaka darasa la tano. Hakuacha. Alichojifunza ni kuamka saa tisa usiku kuligeuza.

#5 Mwalimu Chaki

Fundi umegusa kazi yangu. Nafundisha darasa la kwanza mwaka wa kumi na moja huu, na ninachokiona mimi ni kwamba hadithi inampa mtoto mtu wa kumsingizia. Ukimuuliza mtoto "kwa nini una hasira" anaangalia vidole vya miguu. Ni swali la polisi hilo. Ukimuuliza "fisi ana nini leo?" anafunguka.

Nilikuwa na kijana anavunja penseli za wenzake. Hapigani, hatukani, anapita tu akivunja. Nikawa nasimulia darasa zima habari za fisi anayeng'ata miti ya wenzake. Siku ya tatu nikauliza, fisi anang'ata miti kwa nini? Mkono ukanyooka nyuma kabisa: "Kwa sababu kwao hakuna mti." Kumbe alikuwa anakuja na kipande cha penseli kama punje ya mchele, anaandika kwa kucha mbili. Tungemchapa mwaka mzima.

Kwa hiyo jibu langu: ni kwa sababu kifaranga si yeye. Angekuwa yeye, asingeuliza.

#6 Nesi wa Zamu

Naomba niongezee kwa upande wa kitaalamu. Kinachotuliza ni kulitaja jina la hisia. Kuna utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake, Marekani, ulitoka 2007. Watu walioneshwa picha za nyuso zenye hasira au woga huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno linaloitaja hisia ile, sehemu inayoitwa amigdala, ambayo ndiyo kengele ya hatari kichwani, ilipunguza kelele. Kwa hiyo mtoto akijifunza kusema "nina wivu," nusu ya wivu umetoka.

#7 Kisonoko

Nesi heshima yako, lakini ule utafiti ulifanywa kwa watu wazima. Hakukuwa na mtoto wa miaka mitano pale, wala hadithi. Picha na maneno tu, ndani ya mashine. Usituruke kutoka mashine ya Marekani mpaka baraza la Mbagala kwa hatua moja. Na hiyo "nusu ya wivu umetoka" ni yako, si ya Lieberman.

Halafu rudi post #1. Mtoto hakutaja jina la hisia hata moja. Hakusema wivu, hakusema hasira. Aliuliza mahali pa kulala.

#8 Nesi wa Zamu

Kisonoko umenishika hapo, ni watu wazima kweli. Na ile nusu naifuta. Lakini kazini naona: mtoto anayeletwa kuchomwa sindano, ukimwambia "haiumi" anapiga kelele mara mbili, kwanza kwa sindano, pili kwa kudanganywa. Ukimwambia "itauma kama siafu mmoja, halafu siafu anaondoka," anakaza mkono anahesabu. Hilo nimeliona mwenyewe, halikutoka kwenye mashine ya Marekani.

#9 Mfugaji Kibaha

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Fundi, hadithi yako ina kosa la kitaalamu. Kuku anaatamia siku 21 na akishaangua anakaa na vifaranga wake miezi miwili, wakati mwingine mitatu kwa hawa wa kienyeji. Akitaka kutaga tena anawafukuza kwanza. Anawadonoa kweli kweli kichwani, jana alikuwa anawachakurulia, leo wakisogea wanakula mdomo. Kifaranga hawezi kuwa bado analala chini ya bawa halafu mama yuko juu ya mayai.

#10 Kipanga wa Ilala

Hahahaa uzi wa saikolojia umekuwa wa ufugaji. Mkuu na chanjo ya kideri anapewa lini huyo kifaranga?

#11 Mfugaji Kibaha

Kideri kila baada ya miezi mitatu kwa ile ya tone la jicho. Cheka tu.

#12 bintiPangani

Ngojeni, msimcheke Mfugaji. Amesema jambo kubwa bila kujua. Kuku anamfukuza kifaranga, jana bawa, leo mdomo. Si ndicho alichofanyiwa huyu mtoto? Hadithi ya Fundi ilikuwa ya upole kuliko mambo yalivyokuwa. Mimi ningeitia hiyo ya kudonolewa.

#13 Fundi Bomba

Dah. Nimesoma #9 na #12 mara tatu.

#14 Sharifu wa Mji Mkongwe

Asalaam aleikum. Naona watu wanazungumza kama hisia na hadithi ni elimu iliyoshushwa na ndege. Bibi yangu hakuwa na cheti, lakini alikuwa na kisa cha kima na papa, na nyote mnakijua. Papa kamchukua kima mgongoni ampeleke kwao, kati ya bahari anamwambia sultani wetu mgonjwa, dawa yake moyo wa kima. Kima akasema ungenambia mapema, sisi mioyo yetu huwa tunaiacha mtini. Papa akamrudisha, kima akaparamia mkuyu wake, kwaheri.

Bibi alikuwa akituona tumekaa kimya anauliza: "Moyo wako leo umeuacha wapi?" Basi. Na wewe unajibu nimeuacha madrasa, nimeuacha kwa fulani, nimeuacha chini ya kitanda. Hakuna aliyelazimishwa kueleza zaidi. Mimi nawauliza wanangu swali lile lile. Juzi mdogo, ana miaka saba, kanijibu: "Nimeuacha kwenye basi la skuli." Nikajua kwenye basi kuna jambo. Lilikuwepo.

Na ni hadithi yetu kongwe, ya Kiafrika asilia. Tuiheshimu.

#15 Kisonoko

Wa aleikum salaam Sharifu. Swali la bibi ni zuri mno, nalichukua. Ila "Kiafrika asilia" hapana. Kisa hicho Edward Steere alikichapa London mwaka 1870 katika hadithi alizozikusanya Unguja, kimo ndani ya kisa cha punda wa dobi. Lakini kabla ya hapo kimo katika Panchatantra ya Wahindi, kule ni nyani na mamba, na katika Kalila wa Dimna aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu karne ya 8, mle ni nyani na kobe. Kimekuja na majahazi. Papa tu ndiye wetu.

#16 Sharifu wa Mji Mkongwe

Ahsante kwa kunisahihisha. Na mkuyu je?

#17 Kisonoko

Mkuyu nakuachia.

#18 Mzee wa Kahawa

Kisa cha kima ni cha ujanja na rafiki mnafiki. Hakuna hisia mle. Mnaanza kuona hisia hata kwenye ratiba ya mabasi.

#19 Sharifu wa Mji Mkongwe

Mzee, mtu yuko katikati ya bahari juu ya mgongo wa rafiki yake, anaambiwa tunakwenda kukutoa moyo, na wewe huoni hisia?

#20 Mama wa Goma

Bonjour wote. Miye niko Goma, mtanisamehe Kiswahili cha huku kwetu.

Ninataka kusema hadithi inaweza pia kuharibu. Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka jumamosi jioni, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Binti yangu alikuwa na miaka mine. Mbingu ilikuwa nyekundu kabisa, watu wanakimbia na magodoro juu ya kichwa. Alikuwa anauliza ni nini, mimi nikamwambia: mlima unapika, sufuria yake imefurika, ikipoa tutarudi. Nilifikiri nimepata maneno mazuri. Matetemeko yaliendelea siku mingi, na tarehe 27 serikali ikasema sehemu ya mji ihame, tukaenda Sake na miguu.

Tuliporudi, mtoto hakukubali tena kukaa karibu na jiko. Sufuria ya sombe (kisamvu) ikianza kutokota juu ya makala (makaa), anakimbia mpaka barabarani. Mimi ndiye nilitia mlima ndani ya sufuria. Mwezi muzima.

Mwisho ni yeye mwenyewe alitengeneza. Alikuwa anachora na mkaa kwa ukuta, akachora mlima, juu yake akaweka kifuniko. Akaniita: "Mama, nimeufunika." Kisha akaniuliza nani anashika kifuniko usiku. Nikasema mimi. Akasema hapana, wewe unalala, ni tate. Bibi yake hana usingizi, kila mtu anajua. Basi tate akawa mlinzi wa mlima.

Kwa hiyo miye sijui kama hadithi ya mama inaponya. Hadithi ya mtoto, labda.

#21 Mwalimu Chaki

Mama wa Goma, asante. Nimeacha kusahihisha madaftari nikasoma yako. Kumbe ya kwetu wakubwa inafungua mlango tu, mtoto ndiye anajua kilichomo ndani. Ile ya "alikuwa analala wapi" ni hiyo hiyo. Fundi hakuimaliza hadithi, na ndiyo ikamponyesha. Angeimalizia na funzo, mtoto angesema "ndiyo baba" akaenda kukojoa.

#22 Jirani Mpole

Mimi naona mnaipa hadithi sifa isiyo yake. Umeme ulikatika. Simu haina chaji. Baba ambaye huwa anarudi saa tatu usiku kachoka kakaa na mwanae barazani wawili peke yao. Angemsomea hata risiti ya umeme wa LUKU, tarakimu ishirini moja moja, mtoto angetulia vile vile. Ni bega la baba lililofanya kazi.

#23 Kipanga wa Ilala

Tarakimu ishirini za LUKU na mwisho anaambiwa imekataa. Hapo mtoto atajifunza hasira vizuri sana.

#24 Mwalimu Chaki

Jirani, bega linatuliza, nakubali. Lakini bega lisingeleta lile swali. Darasani kwangu wako zaidi ya themanini, bega la nani litatosha? Na bado fisi anafanya kazi.

#25 Kijana wa Makongo

Wekeni katuni tu wazee. Kuna hizi za Ubongo, Akili and Me, zipo kwa Kiswahili, mle wanafundishwa hisia na kila kitu. Za Wakenya wale wanajua kazi.

#26 Nesi wa Zamu

Ubongo ni wa hapa hapa Dar, si Kenya. Na ni nzuri, wangu anaziangalia. Ila katuni huwezi kuikatiza ukaiuliza "yule alikuwa analala wapi."

#27 Tenzi Huru

Mimi tatizo langu ni lugha. Watu wanasema watoto wataje hisia, lakini wanapewa maneno matatu: furaha, huzuni, hasira. Kama taa za barabarani. Wakati Kiswahili kina shehena. Mtoto anayesusa si sawa na anayenuna. Anayesusa sahani anataka umfuate umbembeleze, usipomfuata ndiyo unamuua. Anayenuna hataki kuguswa, mwache. Donge limekaa kooni, linataka kutoka. Kinyongo kimeshalala, kinatunzwa. Gere ni kutaka cha mwenzio na wewe upate. Kijicho ni kutaka mwenzio akikose kabisa. Halafu kuna ukiwa, ambao huwezi kumweleza mtoto, lakini ukimpa hadithi ya nyumba iliyohamwa anakuelewa.

Fundi, wako hana kijicho. Angekuwa nacho maji yale yangekuwa mengine. Ana gere, na ameanza kususa.

#28 Jirani Mpole

Tenzi hapo kwenye gere na kijicho sikubaliani. Kwetu Tanga gere ni wivu tu, hatugawi hivyo.

#29 Tenzi Huru

Mkiwa Tanga gaweni mtakavyo, nyinyi hata mapenzi mnayagawa tofauti.

#30 Mama Wawili

Naomba kuonya kitu. Baada ya kuhudhuria semina moja ya malezi nikawa mtu wa hadithi. Binti yangu asipokula, "palikuwa na sungura hapendi kula." Asipooga, "palikuwa na sungura ananuka." Akimpiga mdogo wake, sungura tena. Siku moja nimeanza tu "palikuwa na..." akaziba masikio: "Mama, sungura ni mimi, nichape tu yaishe!"

Nilicheka nikalia. Hadithi ikiwa fimbo iliyofungwa khanga, mtoto anaijua kwa uzito.

#31 Kipanga wa Ilala

"Nichape tu yaishe" 😂😂 huyo mtoto awe mbunge.

#32 bintiPangani

Mama Wawili umesema kweli tupu. Ndiyo maana mimi napendelea hadithi za kale zisizomlenga mtu. Hata za zimwi. Najua wengine hamzitaki, mnasema zinatisha.

Ile ya wasichana waliokwenda pwani kuokota kombe mnaikumbuka? Mmoja kaliweka kombe lake zuri juu ya mwamba, wakaondoka kalisahau. Anawaomba wenzake warudi naye, wote wanakataa. Anarudi peke yake, jua linazama, anaimba ili asiogope. Zimwi kakaa juu ya mwamba anamwambia nyimbo nzuri hiyo, sogea nisikie. Akamtia ndani ya ngoma, akawa anazunguka nayo vijijini, akipiga, mtoto anaimba ndani, watu wanampa zimwi chakula. Mpaka akafika kijijini kwao, mama akaijua sauti. Wakamlewesha zimwi, wakamtoa mtoto, wakajaza ngoma nyuki na siafu.

Nilihadithiwa nikiwa na miaka sita hivi. Mwaka uliofuata nilipelekwa kukaa kwa ndugu, mji mwingine, kusoma. Sitaeleza ya nyumba ile. Ila usiku nilikuwa najiambia niko ndani ya ngoma, na kwamba niendelee tu kuimba, maana siku moja ngoma itapita nyumbani. Hakuna mtu aliyenifundisha kuitumia hivyo. Bibi alikuwa anatuhadithia ili tulale.

#33 Nesi wa Zamu

Binti pole. Ngoma ilipita nyumbani?

#34 bintiPangani

Ilipita. Likizo ya Desemba. Mama alinisikia naosha vyombo naimba, akaja kusimama mlangoni. Sikurudishwa kule.

#35 Jirani Mpole

Nimeshindwa kubisha leo. Lakini za zimwi kwa mtoto wa miaka minne usiku mimi bado hapana. Wangu alilala katikati yetu wiki mbili.

#36 Sharifu wa Mji Mkongwe

Na hapo Fundi atapata faida gani, wa kwake ndiyo anataka kulala katikati.

#37 Mhaya wa Muleba

Niongeze upande ambao haujaguswa, msiba. Mimi natoka Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983. Utoto wangu ni wa mazishi. Watoto hatukuambiwa kitu, tulikuwa tunaambiwa "nendeni mkacheze." Wenzetu Uganda akina mama waliokuwa wanaishi na virusi walianza miaka ya 1990 kuwaandikia watoto vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa siku ya mvua, baba yako alipenda senene, ulipoanza kutembea ulifuata mbuzi. Mama anaandika bado yuko hai, mtoto amekaa pembeni anauliza. Kwangu hiyo ndiyo hadithi ya hisia kuliko zote, kwa sababu haina mnyama. Nadhani kuna mahali mnyama anatosha, kuna mahali mtoto anataka habari yake mwenyewe, kwa jina lake.

#38 Mzee wa Kahawa

Mhaya umenirudisha mbali.

Mama yangu alifariki 1979, nina miaka saba. Niliambiwa amesafiri kwenda Moshi. Kila jioni nilikuwa nakwenda stendi kuangalia basi la Moshi. Kondakta alinizoea, akinipa muwa. Nilikwenda mpaka nikamaliza darasa la pili. Kuna siku mtoto mwenzangu kanitania, "mama yako si alishakufa," nikampiga na jiwe. Nikachapwa kwa jiwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini nimerusha.

Sijasema hii ili mnionee huruma. Na bado nasema fimbo ipo kwa sababu. Lakini nadhani uongo wa "amesafiri" nao ulikuwa hadithi, tena mbaya.

#39 Mwalimu Chaki

Shikamoo Mzee.

#40 Mzee wa Kahawa

Marahaba. Usinifanyie fisi.

#41 Ustadhi Mdogo

Nimefuatilia kimya. Kwa wenye watoto wa kiume wanaoambiwa "mwanaume halii": wasomeeni Sura Yusuf. Kaka zake walimtupa kisimani kwa wivu, wivu wa kumgombania baba, sawasawa na wa kijana wa Fundi. Na Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, aya ya 84. Hakuna mahali aliambiwa jikaze.

#42 Mama Wawili

Na kwetu Yohana 11:35, Yesu alilia machozi. Aya ya kwanza watoto wote wa Sunday school wanaikariri kwa kuwa ni fupi, halafu wakilia wanaambiwa nyamaza.

#43 Kisonoko

Ila Ustadhi, wivu wa kaka zake Yusuf ulipewa nafasi na ukaishia kisimani. Nani aliwasimulia hadithi wale?

#44 Ustadhi Mdogo

Baba yao alimwambia Yusuf asiwasimulie ndoto. Aya ya 5. Kwa hiyo kuna hadithi za kunyamaza pia.

#45 Mama Ntilie wa Rangi Tatu

Samahani wakuu, Fundi nilikuwa nakutafuta na namba yako sina. Ile koki ya sinki uliyonifungia inavuja tena. Njoo na hadithi yake.

#46 Fundi Bomba

Mama hiyo ni washa tu, kesho asubuhi nakuja, usiikaze kwa plaizi utavunja nati.

Wakuu asanteni, sikutegemea. Mrejesho kidogo. Jana nilifuata ya Mfugaji na Binti, nikaiweka ya kudonolewa. Nikasimulia kuku alimdonoa kifaranga kichwani. Kijana akakaa kimya muda mrefu mpaka nikafikiri kalala. Kisha akasema, "Kuku alikosea. Angemwambia kwanza." Nikamuuliza angemwambiaje? Akafikiria: "Angesema, mayai hayawezi kulala na mjomba."

Mama yake alikuwa ndani ananyonyesha, dirisha liko wazi, nikasikia anacheka. Hajasema kitu mpaka sasa, na simuulizi. Ila asubuhi nimekuta mto wa kijana uko chumbani kwetu, chini, kwenye mkeka upande wa mama yake. Nani kauleta sijui.

Kukojoa: jana amekojoa. Kwenye mkeka.

#47 Mzee wa Kahawa

Si nilisema.

#48 Jirani Mpole

Mzee 😂

#49 Mfugaji Kibaha

Fundi, na yale mayai yamefikia siku ya ngapi? Maana hujawahi kutuambia kama yaliangua.

#50 Fundi Bomba

Amekataa yaangue. Kila nikifika siku ya ishirini anasema turudi mwanzo.